Sala za Ghorofa ya Pili

Mwandishi maarufu wa ghorofa ya pili huandika amesimama, kwa penseli fupi kuliko kidole gumba, na kila neno hulinong'ona mara tatu kabla ya kuliandika. Ndiyo maana Frumet, jirani wa chini, alipokuta karatasi za mwandishi huyo ngazini siku ya usafi wa Pasaka ya Wayahudi, hakuwa na shaka kwamba ni sala. Akazitia katika sanduku la sinagogi, ambamo maandiko matakatifu yaliyochakaa hungoja kuzikwa. Mwandishi akaja mbio sinagogini, soksi mguu mmoja.

“Mama Frumet, riwaya yangu! Miaka minne!”

“Shusha pumzi, baba. Bado hazijazikwa.”

Mwandishi akazitoa, akazikumbatia. Kisha akaunong'ona ukurasa wa kwanza mara tatu, akakunja uso, akaurudisha sandukuni.

“Huu,” alisema, “uzikwe tu.”