Mzee wa Pap Onditi aliita kila asubuhi, nikamsikia, nikanyamaza

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hiki kisa sijakiongezea chumvi. Ningekuwa wa kuongeza, ningejipaka rangi nzuri kidogo, na mtaona sijajipaka.

Mimi ni fundi wa redio na TV, kibanda changu kiko Nyalenda hapa Kisumu. Mwaka juzi nilifanya mtihani wa ham radio, nikapita, nikapewa leseni na call sign, yaani jina langu la hewani. Kwa wasiojua, unakaa nyumbani na redio yako na antena yako, unaongea na watu wa mbali wenye leseni kama wewe. Haitaki bundles wala network.

Redio niliunda kwa mikono yangu. Antena nikaivuta kutoka paa langu hadi kwa jirani. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa mdomo.

Mchana kutwa napiga stori na wateja, lakini nikishika maiki naona aibu. Nikiwa darasa la sita niliambiwa nisome tangazo kwenye parade, Kiingereza kikatoka na Dholuo yote ndani, shule nzima ikacheka, mwalimu wa zamu pia. Nilidhani nimesahau. Na kwenye redio kila aliye kwenye frequency anakusikia, wengine wataalamu wa miaka mingi.

Nikajiambia wacha nisikilize kwanza, nijue wenzangu wanaongeaje.

Nilisikiliza miezi minane.

Katika hiyo miezi ndipo nilipompata Mzee. Saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafungua kibanda, sauti ya taratibu: "CQ, CQ," yaani yeyote anayenisikia anijibu. Anataja call sign yake, anasema yuko Pap Onditi, ni mwalimu mstaafu. Ananyamaza asikilize. Anaita tena. Hakuna anayejibu.

Halafu anasema, "Haya. Kesho tena."

Signal yake ilikuwa dhaifu, nadhani hata Eldoret haikufika. Lakini mimi niko karibu. Nilimpata vizuri mpaka jogoo wake nikamzoea.

Mnajua nilichofanya? Niliandika. Sisi watu wa ham tunaweka daftari la log: tarehe, saa, uliyemsikia, signal ikoje. Langu lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote. Kila asubuhi namwandika Mzee, najiona mtu wa maana, naenda kazini. Mara mbili tatu nilishika maiki nikairudisha. Nilisema mtu mwingine atamjibu.

Siku moja hakusema kesho tena. Alisema, "Naona hii kitu haifiki popote. Asanteni."

Asante ya nini, wakuu? Nani alikuwa amemfanyia nini?

Kesho yake kimya. Wiki mbili kimya. Jumamosi nikaweka daftari kwapani nikaenda.

Ukifika Pap Onditi uulize japuonj wa redio, yule mwalimu, unaonyeshwa boma haraka, na anayekuonyesha anacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Nilimkuta amekaa nje anachambua maharagwe. Waya wa antena bado ulikuwa juu, umeanikiwa nguo za watoto. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya redio.

"Umechelewa, wuoda," akasema, akiniita mwanawe. "Redio ilienda na watu wa scrap."

Mke wa mwanawe, anayemwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, akaleta chai. Alinieleza polepole, vile watu hueleza ugonjwa wa mtu aliye hapo hapo. Baba alikuwa anaongea peke yake kila asubuhi. Wakaona akili inaanza kwenda. Watu wa kanisa wakaja wakamwombea.

"Tulimuuliza, Baba, kama kuna watu huko, si wangejibu? Mwisho akatoa hiyo redio yeye mwenyewe."

Nikaweka kikombe chini. Nikampa Mzee daftari.

Akavaa miwani. Kidole kikashuka mstari kwa mstari. Pap Onditi, saa moja na nusu, nzuri. Pap Onditi, saa moja na nusu, nzuri sana. Ukurasa baada ya ukurasa ni yeye.

"Nyar Seme, kuja uone! Nilikuwa nafika! Kila siku nilikuwa nafika Kisumu!"

Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Yule mama alisoma, akakaa chini. Na mimi, mjinga, nikaanza kucheka na wao.

Kisha Mzee akafunga daftari.

"Wewe redio yako inaweza kuongea, ama ni ya kusikiliza tu?"

"Inaongea, Mzee."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana."

"Na mdomo?"

Nikamweleza yote, woga, parade, kicheko. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nimefundisha watoto waoga maisha yangu yote," akasema. "Hakuna mmoja wao aliyefanya mimi niombewe."

Nilimwambia nitamuundia redio nyingine, bora kuliko ile. Akakataa. Alisema wajukuu wameanza tu kumwona mzima, hataki kuanza tena. Daftari aliomba abaki nalo. Alinisindikiza hadi kwenye ua, akarudi kwa maharagwe yake.

Jumatatu, saa yake, frequency yake, nikabonyeza maiki. Sauti ilitetemeka, call sign yangu mwenyewe nikaikosea. Mtu wa Kitale akajibu: "Nakupata vizuri, ndugu. Unaitwa nani?" Tukasalimiana, tukaagana. Ilichukua dakika moja hivi. Hakuna aliyecheka.

Miezi minane ya kuogopa dakika moja. Nilizima redio nikalia kwa hasira.

Sasa naongea kila siku, na watu wananiambia nina sauti ya redio. Hiyo sifa inaniuma. Niliyepaswa kumjibu hana redio, na kijiji kizima kilimwona amechanganyikiwa kwa sababu yangu.

Funzo langu ni hili: woga wako unaweza kuwa unamuumiza mtu usiyemjua, na wewe unauita upole. Mtu akiita na wewe umemsikia, mjibu hata kama sauti inatetemeka.

Wenye mawazo ya jinsi ya kumrudia huyu Mzee, leteni. Matusi pia nitapokea. Na nyinyi mnaosoma nyuzi za watu miaka yote bila kuandika chochote, nawajua, nilikuwa mwenzenu. Leo msipite hivyo hivyo. Kama umefika hapa, niambie nimefika.