Utulivu wa Fundi Pumzi

Zamani fundi huyu alikuwa mkali kama pilipili, na lifti zake zilikuwa salama. Nayasema mawili haya pamoja makusudi, maana watu walipenda kuyatenganisha. Akikuta kamba ya chuma imechakaa, alizima umeme, akatia kufuli yake kwenye swichi kuu, akashuka ngazi akimtukana mwenye jengo na ukoo wake wote. Na kwa mafundi wa lifti kufuli si mchezo. Aliyeitia ndiye anayeitoa, hata bosi haigusi, kwa sababu huenda kuna mtu bado yuko ndani ya shimo la lifti.

Ila ukali ule alirudi nao nyumbani. Sahani ziliruka. Siku binti yake alipojificha chini ya meza kwa kusikia tu baba anafungua mlango, mkewe alimwambia achague moja, hasira au familia. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Akaenda kwa mtawa wa Kibuddha, mzee mwenye kipara aliyepanga chumba juu ya duka la mafundi cherehani, aliyewafundisha watu kukaa kimya bila kuwatoza kitu.

Huko alijifunza kuvuta pumzi tatu na kuliita kwa jina lake kila linalopita moyoni. Hasira ikija unasema kimoyomoyo, "Hii ni hasira," unaitazama, nayo inaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Dawa ile ilimkubali. Nyumba ikapoa, binti akaanza kumpanda mgongoni, na wenzake wa karakana wakambatiza jina la Pumzi. Walisema ukimkanyaga Pumzi mguu, atavuta hewa kwanza, kisha akushukuru.

Baada ya ule ukimya mtawa alifundisha pia habari za mwenendo: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kufanya kazi isiyomuumiza mtu. Hapo Pumzi alikuwa tayari anakunja mkeka wake na kuaga. Mambo ya usiue, usiibe, aliona ameshayasikia ya kutosha kwa mama yake. Pumzi tatu zilimtosha.

Aliyefurahi kuliko hata mkewe ni bosi. Fundi hodari asiyebishana, wapi utampata?

Ndipo ikaja lifti ya hospitali, ile ya kubebea machela. Pumzi alipanda hadi chumba cha mashine asubuhi, akajaribu breki, akakuta pedi zake zimelika karibu zote. Lifti ilisimama vizuri, kisha ikateleza kidogo, kama upana wa vidole viwili. Akazima, akatia kufuli. Haikupita muda bosi akapiga simu. Pedi mpya zitafika wiki ijayo, alisema, lifti ya pili imekufa, wagonjwa wanabebwa mgongoni kwenye ngazi. Hakumtisha wala kumfokea. Alimwomba tu aifikirie hali hiyo, kwa kuwa kufuli ni yake na uamuzi ni wake.

Pumzi akakaa juu ya sanduku la vifaa. Kila alipoziwaza zile pedi, hofu ilimpanda. Zamani angelipuka hapo hapo, simu ingegonga ukuta na lifti ingebaki imezimwa. Sasa alifumba macho, akavuta pumzi tatu, akasema kimoyomoyo, "Hii ni hofu." Akaitazama. Ikapita. Alipofumbua macho alijisikia mwepesi, na wepesi ule akaudhania ndio jibu. Akatoa kufuli.

Hofu ile ilikuwa ndiyo akili yake yote ya kazi, miaka na miaka ya kushika kamba na breki, na yeye aliisindikiza hadi mlangoni kwa adabu.

Kabla wiki haijaisha, mama mmoja mfanya usafi alikuwa anatoa toroli la mashuka, mguu mmoja ndani ya lifti, mwingine nje. Lifti ikateleza milango ikiwa wazi, ikambana. Madaktari walikuwa hatua chache tu kutoka pale, na hawakuweza kumwokoa.

Pumzi alikimbilia kwa mtawa, akamweleza kila kitu. Mzee akamketisha mkekani.

"Mwanangu," alisema, "hofu tunaitazama ili tuone inatuonyesha nini. Wewe uliitazama ili iondoke."

Akaongeza kwamba lawama ni yake pia, kwani alimwona kila mara akikunja mkeka na hakumwita arudi. 

Bosi alitaka isemwe kwamba marehemu aliuzuia mlango kwa toroli. Maiti habishi. Pumzi alikataa, tumpe haki yake. Mbele ya wachunguzi alisema kwamba breki aliiona, na kufuli aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Akafukuzwa kazi, akakaa kusubiri kushtakiwa. Bosi akaapa kwamba alimwachia fundi aamue, na hapo, ukitaka kujua uchungu wa mambo, hakusema uongo. Lifti zake akapewa fundi mwingine, kijana mpole sana, wanasema.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo Pumzi alikwenda nyumbani kwa mume wa marehemu, mshona viatu, wakakaa chumbani wakitazamana. Akamsimulia yote kwa mpangilio, tangu zile pedi hadi ile simu, na hakujitetea popote. Mwenzake alimsikiliza hadi mwisho.

"Kaka," akasema, "mke wangu amekufa, na wewe unaongea kama mtu anayenielekeza njia."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Msamaha tuuache kwanza. Nataka nione umeumia. Lia. Nitukane, kama huwezi kulia. Fanya chochote."

Pumzi alitaka, Mungu shahidi. Alikisikia kilio kikipanda kutoka tumboni hadi kooni. Lakini mdomo ulijifunga wenyewe, pua ikavuta hewa taratibu, tena, na tena, jinsi alivyoizoeza, na kilio kikashuka kilikotoka. Uso wake ukabaki laini. Mume wa marehemu aliendelea kuutazama, akingoja ubadilike. Alingoja sana, kisha akainuka, akamfungulia mlango.