Gari Lisilopata Joto

Mama Povu alikuwa na pua isiyosamehe. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, na kabla ya kuloweka shuka alilinusa kwanza, akakunja uso, akajua ni la kuchemshwa au la kusuuzwa tu. Ndiyo maana msimamizi mmoja alipomrudishia furushi zima akisema, "Mama, mashuka yako yananuka petroli," alijisikia kama ametemewa mate.

Alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, akanusa. Petroli tupu. Gari lilimzidi umri kitinda mimba wake, lakini zamani lilikuwa na adabu: akilijaza Jumatatu, linamfikisha Jumamosi. Sasa Jumatano tu mshale wa mafuta umelala chini, na bomba la moshi limejaa masizi yanayompaka gauni kila akipakia mzigo.

Mumewe alishachoka. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja mnunuzi," alisema, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Utarudi kufua kwa wifi yako. Kuna ubaya gani?"

Ubaya aliujua yeye. Kwa wifi alifua miaka sita, akila amesimama jikoni, akikaripiwa ndoo ikigonga sakafu. Bila gari hakuna mashuka, na bila mashuka ni kwa wifi.

Fundi wa gari alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye majirani walimwita Daktari. Gereji yake ilikuwa uchochoro wenye tope la oili, na Mama Povu alilikanyaga kwa ncha za vidole. Alimkuta anakula mkate kwa mikono ileile iliyotoka kwenye grisi. Alama za vidole zilionekana kwenye mkate, naye anazimeza tu.

"Shemeji, karibu! Mgonjwa ana nini tena?"

"Bado anakunywa petroli."

"Plagi nimebadilisha, pampu nimebadilisha. Sasa uzee nao nikubadilishie?" Akacheka, makombo yakaruka.

"Fungua chujio la hewa."

Alilifungua kwa uvivu. Harufu iliyotoka iliwarudisha wote nyuma. Panya alijenga humo, akafia humo: manyoya, nyuzi za shuka, na kitu laini ambacho Mama Povu hakukitazama mara mbili.

"Ala! Kumbe una mpangaji," alisema Daktari.

"Uliangalia lini humu?"

"Si... mwaka juzi?"

Chujio jipya likawekwa. Unywaji ulipungua kidogo, lakini petroli iliendelea kunuka. Basi Mama Povu akaanza kulichunguza gari kama anavyomchunguza mtoto mwenye homa. Siku ya tatu akaona kitu. Alikuwa ameendesha saa nzima, vilima na foleni, na mshale wa joto haujainuka hata kidogo. Akasimama kando, akafungua boneti, akagusa mpira wa rejeta. Vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mtu aliyechemsha maji maisha yake yote hawezi kudanganywa na vuguvugu. Akageuza gari.

"Shemeji, mbona injini haipati joto?"

Daktari akatanua kifua. "Hiyo kazi yangu! Mwaka juzi nilitoa themostati. Kile kidude kinayazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Na jua lote hili, cha nini? Gari zote zinazopita hapa nakitoa." Akamwonyesha kopo lililojaa vidude hivyo vya shaba, kama mng'oa meno anayejivunia meno ya watu.

"Asubuhi likiwa baridi, si linakunywa zaidi?"

"Ndiyo, linajiongezea petroli, nyingine inatoka bila kuungua, mpaka lipate—"

"Mpaka lipate nini, Daktari?"

Akajikuna shingo, akaacha mstari mweusi.

"Miaka miwili gari langu liko asubuhi!" Mama Povu alifoka. "Asubuhi mchana, asubuhi jioni! Na mimi nanuka petroli kama pipa la mafuta!"

Daktari akachovya mkono koponi. "Basi nikurudishie kimojawapo—"

"Weka uchafu wako chini."

Alinunua kipya dukani, akamsimamia shemeji mpaka kikakaa mahali pake. Maji ya zamani yalitoka rangi ya kutu, yana utelezi. Aliamuru rejeta isuuzwe mara tatu, kama shuka. Injini ilipowashwa, mshale wa joto ulipanda polepole mpaka katikati, ukatulia.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alijaza tangi, na nyuma ya gari hakukunuka petroli tena.

Jumamosi mnunuzi akaja, viatu vyeupe, akapiga tairi teke. Mumewe alishika kadi ya gari. Daktari naye alikuwepo. "Mimi nilisema mapema, ni themostati tu," alitangaza. Mama Povu akamtazama kama mtaro ulioziba.

Mumewe akachungulia mshale wa mafuta. Ulikuwa bado juu ya robo.

"Umejaza jana?"

"Jumatatu. Muulize muuza mafuta."

Akautazama tena, akamtazama mkewe, kisha akaitia kadi mfukoni. "Ndugu," alimwambia mnunuzi, "tumekusumbua bure."

Mama Povu hakumshukuru. Alimwambia asogee, akawasha gari. Nyuma alikuwa na mashuka ya vyumba vinane, na mgeni wa chumba kimoja alikuwa ametapika.