Duara Lisilotiwa Wino

Tarehe 14 Machi 2023, siku ya Jumanne, Bimdogo binti Alawi alizikwa Bagamoyo kabla ya sala ya alasiri. Hilo wamelithibitisha waliomwosha na waliolibeba jeneza lake. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake yeye ndiye aliyewaosha wanawake wa mtaa wake wa Dunda walipofariki. Alichemsha majani ya mkunazi, akasaga kafuri, akakata sanda, na nyuma ya pazia akayaona ambayo hata waume wa marehemu hawakuyaona. Nje ya pazia hakuyasema. Ndilo sharti la kazi hiyo, na watu walimheshimu kwa hilo.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alitembelewa na muuguzi Vaileth Medard, mzaliwa wa Miono. Vaileth alikuwa amefunzwa na mtandao unaounganisha hospitali na maabara za Afrika Mashariki ili kuchunguza saratani zinazorithiwa. Kazi yake ilikuwa kuwaelimisha akina mama zahanatini na kuchora miti ya koo: mwanamume mraba, mwanamke duara, na aliyeugua hutiwa wino mweusi. Vipimo vya vinasaba vilikuwa vichache, vikatengwa kwa koo zenye wagonjwa wawili wa damu moja.

Zuwena, mwalimu wa shule ya msingi Fukayosi, alikuwa na mgonjwa mmoja tu katika ukoo wake. Dada yake alifariki kwa saratani ya titi akiwa bado kijana, na hospitali ilithibitisha. Mama yao alikuwa amefariki zamani, nyumbani, katika chumba kilichofukizwa udi mchana kutwa. Watoto waliambiwa ni homa. Aliyemwuguza na kumwosha ni dada mkubwa wa mama huyo, Bimdogo. Ndipo Zuwena akamleta muuguzi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni naye karibu, asiogope mkeka."

Vaileth akakunjua karatasi yake. Bimdogo akaitazama, akacheka. "Binti, umeniletea trei ya mayai? Mbona moja limeoza?"

"Hilo ni dada yangu, mama mkubwa," Zuwena akasema.

Kicheko kikakatika. "Niwie radhi, mwanangu."

Vaileth akaonyesha duara la juu yake, la mama yake Zuwena. "Huyu ulimwosha wewe, Bibi. Kifuani kulikuwa na donda?"

"Nilimwosha."

"Kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na ndugu yangu."

Zuwena akapiga magoti. "Mama mkubwa, nina watoto wadogo. Nataka nipimwe, nikiwa nimerithi ugonjwa huu wanikague mapema. Dada hakuwahi."

"Mama yako alinishika mkono huu, akaniambia, 'Utakachokiona, kizike nami.' Nikaitikia. Akafa amenishika. Nikamtafute wapi anifungulie?"

Zuwena alimwendea sheikh wa mtaa. Sheikh akajibu kwamba inajuzu kusema ikiwa ni kuokoa uhai. Zuwena alipompelekea jibu hilo, Bimdogo akasema, "Sheikh amenitoa kwenye dhambi. Kwenye ahadi hajanitoa." Zuwena akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Duara la mama yake likabaki jeupe, naye hakupimwa.

Aliyekuwa akijifunza kuosha chini ya Bimdogo ni jirani yake, Mwanamkasi. Anakumbuka siku moja walipokuwa wakiponda majani ya mkunazi.

"Mikono mizito kama ya mchanganya zege," Bimdogo alimtania. "Ukinisugua hivyo mimi, nitainuka nikuzabe kofi."

"Basi usife, Bibi, tupone sote."

"Mwosha huoshwa. Lakini sikiliza, hili si mzaha. Utakachokiona kwangu usikizike. Kipeleke kwa yule muuguzi wa mayai. Cha ndugu yangu si changu kutoa. Changu nakitoa."

Mwanamkasi aliendelea kuponda. Alidhani ni maneno ya uzee.

Siku ya mazishi, Zuwena alikuja akaomba kumimina maji. Mwanamkasi alipofungua kanga ya kifuani, alikuta titi la kushoto limeliwa na donda. Lilikuwa limefungwa kwa vitambaa vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua. Kata ya maji ikamponyoka Zuwena mkononi.

"Alikuwa nalo siku ile nilipompigia magoti?"

Mwanamkasi aliiokota kata, akamrudishia, wakaendelea kuosha.

Kabla ya arobaini, Mwanamkasi alikwenda kwa Vaileth akautekeleza wasia. Madaktari wa mtandao waliukubali ushuhuda wake, na duara la Bimdogo likatiwa wino. Wagonjwa wa ukoo wakawa wawili, Zuwena akapimwa. Majibu yalionyesha kwamba anabeba hitilafu ya vinasaba inayorithiwa. Sasa hukaguliwa Dar es Salaam kila mwaka, na hadi ninapoandika haya hajaugua. Anasema kwamba radhi aliyomwomba mama yake mkubwa aliiomba maiti ikiwa tayari imevikwa sanda.

Bimdogo alianza kuugua lini, na kwa nini hakujionyesha kwa mganga yeyote, haijulikani. Duara la mdogo wake bado ni jeupe. Kilichomwua mama yake Zuwena hakijulikani.