Majibu Yaliyolala Kwenye Trei

Hospitali nzima ilimwita Bi Sahani. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria kwenye visahani vya maabara na kuvisoma asubuhi kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele.

Kila aliyesubiri kuwekewa nyonga au goti la bandia alipitishwa kijiti cha pamba puani wiki moja kabla. Wengi walikuwa safi. Kwa wengine viliota kwenye kisahani vitone vya rangi ya dhahabu: bakteria wanaoweza kukaa puani mwa mtu miaka na miaka bila kumsumbua, ila wakipenya kwenye jeraha huwa balaa. Dawa ilikuwa rahisi: marhamu ya kupaka puani na sabuni maalumu ya kuogea, siku tano kabla ya kisu. Bi Sahani aliandika majibu, akayaweka kwenye trei ya mlangoni mwa maabara, wodi ije kuyachukua.

Asubuhi moja, kabla ya kuingia kazini, alipita wodini kumjulia hali shemeji yake, fundi viatu, mume wa marehemu dada yake. Mwezi mmoja baada ya kuwekewa nyonga, mshono wake ulikuwa umefumuka na unatoa usaha.

"Shemeji, sijui nilikosea wapi," alisema fundi viatu. "Waliniambia nisile, sikula. Nioge, nikaoga."

"Hukupewa dawa ya kupaka puani?"

"Puani?" Akacheka kidogo, maumivu yakamkatiza. "Shemeji, nyonga iko huku chini."

Bi Sahani hakucheka. Alisoma namba ya kadi yake, akashuka maabara na kufungua daftari, maana humo watu huandikwa kwa namba tu. Namba ilikuwepo. Vitone vya dhahabu, siku sita kabla ya upasuaji, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akaikung'uta trei juu ya meza. Chini kabisa palikuwa na karatasi ya shemeji, na nyingine kumi za watu ambao, kwa tarehe zilizoandikwa juu yake, walikwisha kupasuliwa. Ya juu ilikuwa ya mshonaji wa nguo, aliyekuwa anapasuliwa goti asubuhi ileile, nayo ilisema vitone vya dhahabu.

Alipanda ngazi mbili mbili mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akamkuta daktari akijiandaa kunawa mikono.

"Mama, huku si maabara," daktari alisema.

"Na kule si jalala. Soma hii."

Daktari akaisoma kwa haraka. "Tutampiga sindano ya kuzuia maambukizi. Tunawapiga wote."

"Hata shemeji yangu mlimpiga. Twende wodini ukamnuse."

Daktari akaisoma tena, safari hii polepole. Kisha akamwambia muuguzi aahirishe.

Mshonaji, aliyekuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu pale kwenye korido, ndiye aliyewaka. "Sijala tangu jana. Nimefunga kibanda changu. Wewe ni nani wa kunipangia?"

Bi Sahani akamweleza.

"Kwa hiyo mlijua tangu wiki iliyopita?"

"Tulijua."

"Basi msiniambie habari za pua yangu. Kasafisheni kwanza makaratasi yenu."

Mshonaji yule alikuwa amesema kweli tupu.

Alipewa siku tano za marhamu na sabuni, akapasuliwa ya sita, na mshono ukapona. Bi Sahani alipewa barua ya onyo kwa kuingia eneo la upasuaji na viatu vya nje. Aliisaini kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Tangu hapo majibu aliyapeleka wodini mwenyewe, na hakuondoka mpaka muuguzi aweke saini. Wengine walimwona king'ang'anizi. Hakujali.

Nyonga ya bandia ya fundi viatu ilitolewa, akakaa miezi mitatu kitandani akisubiri nyingine. Siku ilipotolewa, Bi Sahani aliketi kando yake.

"Majibu yako niliyaandika mimi, shemeji. Yalilala mlangoni kwangu, na mimi napita hapo kila siku."

Fundi viatu akageukia ukutani.

"Leo nenda nyumbani," alisema. "Sitaki kukuona leo."

Akaenda. Kesho yake alirudi, akamkuta bado amekasirika, akaketi vilevile.