Siku Tuliyozuia Maji

Asubuhi moja, kabla ya shida, tulifungua maji kama kawaida. Niligonga kipande cha reli mara tatu kuwaonya walio mtoni, nikakaa juu ya ukuta wa bwawa kuvuta sigara, huku wanawake kule chini wakianua nguo zao juu ya mawe bila haraka, maana walinijua. Walipoondoka nikazungusha usukani wa lango. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hapo juu ya Gisenyi: mvua ikizidi nafungua, ikipungua nafunga, mtambo wa umeme upate maji yake na ukuta usielemewe. Baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, alitaka nishone suruali kama yeye. Nilimwambia maji hayalalamiki kwamba kiuno kinabana.

Gaspardi alikuwa msoma kipimo. Kwenye ubao uliosimama majini palikuwa na mstari mwekundu, na maji yakiufikia aliniita. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhifu kupita kiasi, na kwa miaka mitatu tulikula viazi kutoka sufuria moja. Siku hiyo alinisimulia kwamba mama yake amegoma kuhamia kwake, eti mke wake Konsolata anapika bila moshi wa kutosha. Tulicheka sana.

Wiki hiyohiyo nyumba za Watutsi zikaanza kuchomwa. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa hamsini na tisa. Wapo wanaosema haikuwa vita. Mimi niliona moshi kwenye vilima vyote vya ng'ambo kwa wakati mmoja, nikaona wanaume wenye mapanga wameshika daraja na barabara. Naiita vita.

Gaspardi alikuwa Mtutsi. Kofia ya kazi ilimlinda, kwa kuwa hakuna aliyetaka kugombana na wazungu wa umeme, lakini haikuwalinda watu wake. Siku ya tatu alikuja kazini koti lake likinuka moshi. Konsolata, watoto, mama yake na majirani walikuwa wamejificha kwenye mianzi upande wa pili wa mto, wakitaka kuvuka washike njia ya Goma, upande wa Kongo. Darajani hapakupitika. Juu ya ukuta wangeonekana na kila aliyekuwa barabarani. Palibaki kivuko cha chini, pale pa kufulia, ambapo kona ya mto iliwaficha. Lakini maji tuliyokuwa tukiyaachilia yangewafika kifuani.

Akaniomba nifunge malango yote.

Nilifunga. Niseme kweli, niliogopa. Mvua haikuwa imekatika huko juu, bwawa lilikuwa karibu na mstari, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo na mawe. Maji yakipita juu yake unakatika, na chini kulikuwa na mtambo, soko na vijiji mpaka ziwani. Nilimuuliza watu wake ni wangapi, ili nikadirie muda.

“Batu habahesabiwe, Saidi,” akasema. “Ukibahesabu unabapunguza.”

Kwao ni mwiko. Hata mama hataji idadi ya watoto wake. Nilijua hilo, sikumsumbua. Tulikubaliana kwamba mtu wa mwisho akishavuka, Konsolata atandike kitenge chake chekundu juu ya jiwe kubwa la upande wetu. Reli nisiiguse, maana wale wa darajani wangegeuka kutazama mtoni. Gaspardi akapita ukutani kama anayekagua nyufa, akawapelekea habari, akarudi kwenye kipimo chake.

Tukangoja.

Maji yalifika kwenye mstari. Yakaupita.

Kivuko hatukukiona kutoka pale, tuliona jiwe tu. Gaspardi alikuwa akisoma kipimo kwa sauti, kisha akaacha. Zilibaki shubiri mbili kufika juu ya ukuta. Ikabaki moja. Upande wa chini udongo ukaanza kuvuja.

Kitenge kikaonekana.

“Bamepita bote,” Gaspardi akasema. “Fungua.”

Nikafungua.

Walikuwa wamevuka kwa makundi mawili. La kwanza lilidhani mama yake Gaspardi yuko na la pili, la pili likadhani ametangulia. Yeye alikuwa ameketi ndani ya mianzi kupumzisha mguu. Alipoona kumekuwa kimya akashuka peke yake. Konsolata alipogeuka alimwona katikati ya kivuko, nguo ameikunja hadi magotini, anachagua mawe ya kukanyaga.

Konsolata alipanda kwetu mbio, akasema neno moja tu, mama.

Nikaanza kurudisha usukani. Kufunga kulichukua mizunguko mingi kama kufungua, na maji yalikuwa bado yanalamba ukingo.

Gaspardi akanishika mkono.

“Wacha,” akasema. “Ukuta itavunjika.”

Alisimama hivyo, amenishika, mpaka kipimo kilipoanza kushuka. Kisha akamfuata mke wake kwenye njia ya Goma.

Siku mbili baadaye wavuvi walimkuta mama yake pale mto unapoingia ziwani, wakaniita kwa sababu walijua mimi ni rafiki wa mwanawe. Padri hakuweza kufika, njia zilikuwa zimefungwa. Tulimzika juu ya ufuko, wavuvi wakasali sala zao za Kikristo na mimi nikasoma zangu. Gaspardi hakuliona kaburi. Aliishi Kongo hadi kufa kwake, akinitumia salamu kila mwaka kupitia wafanyabiashara, na katika salamu zote hizo hakuutaja mto.

Nimeumia miaka yote hii na sitatafuta kisingizio: ningeweza kumwambia Gaspardi kwamba Konsolata awaite mmoja mmoja kwa jina, bila kuwahesabu, kabla ya kutandika kitenge. Sikufikiria.

Ukuta ulisimama. Watu wa bondeni walipika jioni ile kama jioni nyingine, nao wale wa darajani walirudi nyumbani na mapanga yao. Nyumba zao zilikuwa chini ya bwawa, wake na watoto wao wamo ndani. Hao ndio Gaspardi aliowaokoa aliponishika mkono.