Majani Matatu ya Veluri

Mimi nilisoma miaka miwili tu, lakini nyumba yangu ya matofali hapa Kavimvira niliijenga kwa kuuza mawese. Hakuna mwanaume aliyeniongezea hata tofali moja. Kwa hiyo nikisema mdogo wangu alinishinda kwa fleri, mmea tu wa kupamba nyumba, mjue maneno hayo yananitoka kwa shida.

Fleri yenyewe niliileta minye, mimi mwenyewe, kutoka Bujumbura, imefungwa katika kitambaa chenye maji. Majani yake ni kijani kinachokaribia weusi, mishipa myeupe, na ukiyagusa ni veluri tupu, kile kitambaa cha viti vya matajiri. Pale mpakani mtu wa duane, mkagua mizigo, akaniuliza, "Mama, hiyo ni sombe?"

"Sombe gani iko hivi? Jani la muhogo lina veluri? Kwani bibi yako anakupikia nini?"

Nyumbani nilikata shina vipande viwili, kimoja nikampa mdogo wangu, ambaye ni mwalimu. Chake kikapanda ukuta wa salo, sebule yake, mpaka karibu na dari. Changu kikatoa majani matatu, kikanyamaza. Nilikuwa naenda kumsalimia, mdomo unauliza habari za watoto, macho yanahesabu majani.

Halafu binti wa marehemu kaka yetu, niliyemlea mimi tangu akiwa mchanga, akapata mchumba. Akaja na maneno yake: "Shangazi, wakwe tutawapokelea kwa shangazi mudogo. Salo yake iko na ile fleri, picha zitatoka bien."

"Na salo yangu iko na nini, mbuzi?"

Akacheka. Minye sikucheka. Kwetu wakwe hupokelewa kwa mkubwa.

Zilibaki siku nne. Nikachukua mawese na pamba, nikapaka kila jani ling'ae kuliko ya mdogo wangu, mbele na nyuma, kama mtu anavyopaka mtoto aliyetoka kuoga. Mawese yalinijengea nyumba. Yangeshindwa na majani matatu? Asubuhi veluri yote ilikuwa imelala kama manyoya ya paka aliyenyeshewa. Vumbi la barabara likanasa juu yake. Siku ya tatu majani yakageuka rangi ya tumbaku. Niling'oa yote, pamoja na shina, nikatupa nyuma ya choo.

Siku ya wakwe nilikaa kwa mdogo wangu, kiti cha mbele, jani lake linanigusa bega. Msemaji wa wakwe akaisifu ile fleri. Niliomba moyoni mdogo wangu ajisifu, nipate kumchukia vizuri.

Akasema, "Dada yangu huyu ndiye alinipa. Bila yeye nisingekuwa nayo."

Watu wakanipigia makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Wageni walipoondoka akaniuliza, "Na yako iko namna gani, dada? Nikukatie kipande kingine?"

"Cha nini? Yangu imeshapita hii yako."

"Kweli? Basi nitakuja kuiona."

"Karibu."

Tangu siku hiyo, akija, namkalisha barazani. Namwambia salo inapakwa rangi. Sasa ni mwezi wa tano rangi haikauki.